Kuchungulia Chini ya Mawingu
Mhadhara kwa marubani wa ndege ndogo, Nairobi

Mwenyekiti, walimu wenzangu, marubani wenye leseni, nanyi vijana mnaosubiri mtihani wa kuruka kwa vyombo, yaani kwa kufuata vipimo vya ndani ya ndege bila kuona nje, nawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliotoka uwanja wa ndege wa Wilson moja kwa moja na bado mmevaa sare. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na wapo wanaoweza kulisema kwa niaba yangu neno kwa neno. Nitalisema tena kwa sababu bado tunazika watu.

Kila mara ndege ndogo inapoanguka ikijaribu kutua katika mawingu, magazeti huandika kwamba chanzo ni hali mbaya ya hewa. Sentensi hiyo hunikera kila niisomapo. Ukungu ulikuwapo kabla ndege haijawasili. Ulipimwa, ukatangazwa redioni, na rubani akausikia ukitangazwa. Rubani mwingine aliyekuwa angani asubuhi hiyo hiyo aliusikia pia, akageuza kwenda Eldoret, abiria wake wakalalamika, na jioni wakafika Nairobi wazima. Hewa ilikuwa moja kwa wote wawili. Kilichowatenganisha kilifanyika ndani ya chumba cha rubani, katika futi 200 za mwisho, na mimi nimekipa jina: kuchungulia.

Kila utaratibu wa kutua kwa vyombo una kimo ambacho rubani haruhusiwi kukipita kwenda chini kama hajaiona njia ya kutua au taa zake. Kwa ILS ya kawaida, yaani mitambo ya redio ya uwanjani inayoiongoza ndege hadi kwenye njia ya kutua, kimo hicho hakipungui futi 200 juu ya ardhi, na mwonekano unaotakiwa kwenye njia ya kutua ni mita 550. Rubani anafika futi 200, anatazama nje, anaona weupe mtupu. Anajiambia: nishuke kidogo tu nichungulie, huenda mawingu yanaishia hapa chini. Anashuka futi 20. Bado weupe. Anashuka 20 nyingine. Bandu bandu humaliza gogo, na gogo lenyewe tangu mwanzo lilikuwa futi 200 tu. Ndege inayoteremka futi 600 kwa dakika hulimaliza kwa sekunde 20.

Naomba mniruhusu nikae kidogo na ajali moja, kwa sababu sijaona nyingine inayolieleza jambo hili kwa uwazi zaidi. Tarehe 10 Februari 2011, ndege ya aina ya Fairchild Metro III, yenye injini mbili za mapangaboi, iliondoka Belfast kwenda Cork, kusini mwa Ayalandi, ikiwa na abiria kumi na marubani wawili. Cork palikuwa na ukungu. Marubani walijaribu kutua mara ya kwanza kwenye njia namba 17, wakaupita ule kimo cha futi 200 bila kuona kitu, wakafika karibu na futi 100, ndipo wakaghairi, yaani wakaacha kutua na kupaa tena. Wakazunguka, wakajaribu upande wa pili, njia namba 35, wakafanya vile vile: wakashuka hadi karibu futi 100, kisha wakaghairi. Baada ya hapo walikwenda kuzunguka angani wakingoja ukungu upungue, wakawa wanaulizia hali ya viwanja vingine. Waliambiwa kwamba Kerry, uwanja ulio magharibi na usio mbali, ulikuwa na hewa safi. Ninyi mnaopenda kuniambia kwamba rubani hana pa kwenda, tafadhali lishikeni hilo. Kulikuwa na uwanja wa wazi, na walijua uko wazi.

Wakaja mara ya tatu, tena kwenye njia namba 17. Kipimo cha mwonekano kilikuwa bado chini ya mita 550, kwa hiyo hata kuuendeleza mteremko ule hawakuruhusiwa. Aliyekuwa akiendesha ndege alikuwa rubani msaidizi, lakini nyenzo za nguvu za injini zilikuwa mkononi mwa kapteni. Wakaupita kimo cha futi 200 kwa mara ya tatu. Huko chini nyenzo zile zikarudishwa nyuma kupita mahali ambapo haziruhusiwi kurudishwa ndege ikiwa angani. Mapangaboi yakaanza kuivuta ndege nyuma badala ya mbele, ndege ikalala upande mmoja. Neno la kughairi lilitamkwa wakati huo, wakiwa karibu na futi 100, na nguvu ikaongezwa ghafla. Ndege ikapinduka upande wa kulia, ncha ya bawa ikagusa njia ya kutua, na ndege ikaishia chali kwenye tope kandokando ya njia. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Watu sita walikufa, wakiwamo marubani wote wawili. Sita walitoka hai.

Wachunguzi wa Ayalandi walitoa ripoti yao ya mwisho mwaka 2014, nami huisoma upya kila mwaka kabla ya msimu wetu wa mawingu ya chini. Wanaeleza kwamba kapteni alikuwa amepandishwa cheo muda mfupi tu kabla ya ajali na mafunzo yake ya ukapteni hayakutosha. Wanaeleza kwamba marubani wote wawili walikuwa wamechoka. Wanaeleza jinsi tiketi ilivyouzwa na kampuni moja huku cheti cha urukaji kikiwa cha kampuni nyingine ya Uhispania, hata ikawa vigumu kujua nani hasa anawasimamia marubani wale. Yote hayo ni ya kweli na ni mazito. Mimi hurudi kwenye jambo dogo zaidi. Jaribio la kwanza liliwashusha marubani wale karibu nusu ya kimo walichoruhusiwa, na hakuna baya lililotokea. Jaribio la pili likawashusha tena, na hakuna baya lililotokea. Kuchungulia mara mbili na kutoka salama ndiko kulikowafundisha kuchungulia mara ya tatu.

Najua hivyo kwa sababu na mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Nilipokuwa kijana, katika kampuni ambayo sitaitaja, nilighairi kutua Nairobi asubuhi moja ya Julai, nikawarudisha abiria tisa Kisumu tulikotoka. Mkubwa wangu aliniuliza mbele ya wenzangu wote kama nimeanza kuogopa mawingu. Wiki ya pili yake nilifika tena kwenye kimo changu cha mwisho, nikaona weupe, nikashuka. Nilishuka futi 60 au 70 hivi, taa zikatokea, nikatua, na mkubwa yule yule akanipongeza. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha vibaya kama pongezi ile. Kwa miaka miwili niliamini kwamba kile kimo kilichochapishwa kwenye karatasi kimewekwa kwa ajili ya marubani wasiojua kazi.

Hapa daima mtu huinua mkono na kusema: Kapteni, kuna nchi ambako sheria yenyewe inaruhusu kuchungulia. Ni kweli, na nataka tulielewe vizuri. Marekani, rubani wa ndege binafsi asiyebeba abiria wa kulipa anaweza kuanza mteremko hata kama mwonekano uliotangazwa uko chini ya kiwango, wakati rubani wa kampuni ya abiria haruhusiwi. Lakini ruhusa hiyo ni ya kuja hadi kwenye kimo cha mwisho ukatazame kutokea hapo. Hakuna sheria, Marekani wala hapa, inayokuruhusu kukipita kimo hicho ukiwa hujaona kitu. Kutazama kutoka futi 200 ni kazi yako. Kutazama kutoka futi 140 ni kuwatia abiria katika kamari ambayo hawakuambiwa kwamba wanaicheza.

Mwingine husema: mimi nina saa nyingi angani. Graham Hill, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za magari mara mbili, mtu ambaye mikono na macho yake hayakuwa ya kawaida, alikufa tarehe 29 Novemba 1975 akiendesha ndege yake ndogo ya Piper Aztec usiku, akijaribu kutua Elstree, karibu na London, katika ukungu. Alikufa pamoja na watu watano wa timu yake. Ukungu haukuangalia vikombe vyake.

Sasa tuje nyumbani, maana vitabu vingi tunavyosomea vimeandikwa na watu wanaoruka karibu na usawa wa bahari. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na Jomo Kenyatta iko zaidi ya futi 5,300. Hewa yetu ni nyepesi. Kijana aliyesoma nje hurudi nyumbani na tarakimu zake za kule. Anakuja kutua kwa kasi ya noti 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa, kwenye kipimo chake, bila kukumbuka kwamba kwa hewa hii kasi yake halisi inakaribia 100, kwa hiyo ili abaki kwenye mteremko wa nyuzi tatu anapaswa kuteremka zaidi ya futi 500 kwa dakika, wakati kitabu chake kilimzoesha chini ya hapo. Anajikuta juu ya mteremko, anaukimbilia kwa kusukuma usukani, na ule utulivu tunaoutaka kuanzia futi 1,000 juu ya uwanja, yaani kasi moja, mteremko mmoja, ndege tayari kwa kutua, unapotea kabisa. Kanuni ni nyepesi na inafanyika kichwani: chukua kasi yako juu ya ardhi, zidisha kwa tano, na hiyo ndiyo futi unazopaswa kuteremka kwa dakika. Kama kipimo kinaonyesha mara mbili ya hapo, umekwisha kushindwa mteremko huo, hata kama sindano zote za ILS zimekaa katikati.

Jambo la pili la hewa hii ni zito zaidi, nami sielewi kwa nini tunalifundisha kwa haraka. Injini ya kawaida isiyo na turbo inakuwa imepoteza takriban sehemu moja ya sita ya nguvu zake kwa sababu ya kimo hiki peke yake. Maana yake ni kwamba siku utakapoghairi, ndege yako haitapaa kama ilivyopaa ulikosomea. Na kama utafuata mazoea ya pwani ukasukuma mpaka mwisho nyenzo ya kuchanganya mafuta na hewa, injini itajaa mafuta kuliko hewa iliyopo, itakohoa na kukunyima hata kile kidogo ulichobakiwa nacho. Nimekaa kiti cha kulia na wanafunzi waliofanya hivyo juu ya mbuga ya wanyama, mchana kweupe, jua likiwaka, na bado wakashtuka. Je, ingekuwa ndani ya wingu, futi 120 kutoka ardhini? Rubani aliyechungulia ameitumia akiba ile ile ambayo ndege yake dhaifu ingeihitaji ili kuinuka tena.

Kuna na hila ya sikio. Unapoghairi na kuongeza nguvu, ndege inasonga mbele kwa kasi na mwili wako unasukumwa kwenye kiti. Ndani ya wingu, bila upeo wa macho, sikio la ndani haliwezi kutofautisha kusukumwa nyuma na kuinuliwa pua. Linakuambia kwamba ndege inapanda wima. Hamu inayokuja ni ya kusukuma usukani mbele, na anayeitii anaipeleka ndege ardhini huku akiamini kwamba anaiokoa. Dawa yake ni kuamini kipimo cha mkao wa ndege na kuudharau mwili, jambo ambalo halifundishiki kwa maneno ya jioni moja. Linafundishika kwa kughairi mara nyingi katika mazoezi mpaka mikono ifanye kazi bila kuushauri moyo. Lakini wanafunzi wetu hulipia saa za ndege kwa shida, kwa hiyo hutua kila mara kwa sababu wanahitaji kutua, na kughairi wanakufanya mara chache, siku ya mtihani ikikaribia. Tunawafundisha kumaliza safari. Kuiacha hatuwafundishi.

Mnajua kwa nini nayasema haya hapa Nairobi na si kwingine. Mnayajua mawingu yetu ya Juni hadi Agosti, yanavyolala juu ya mji alfajiri na manyunyu yake. Mnajua kwamba Wilson haina ILS, kwa hiyo ndege ndogo nyingi zinategemea ya Jomo Kenyatta, au zinategemea kwamba mawingu yatapasuka. Mnajua kwamba vilima vya Ngong vimesimama futi 2,500 juu ya Wilson, na kwamba kaskazini iko Aberdare, ambayo kilele chake kinapita futi 13,000. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kuja Jomo Kenyatta iligonga Aberdare katika hewa mbaya. Mabaki yake yalionekana siku mbili baadaye, na watu wote kumi walikuwa wamekufa. Haikuwa imefika kwenye mteremko wa mwisho, lakini ilikuwa inakuja kwetu. Na tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya Y-12 ya jeshi letu la anga iligonga kilima ikijaribu kutua Marsabit katika hewa mbaya. Watu 14 kati ya 17 walikufa, wakiwamo wabunge waliokuwa wakienda kutafuta amani ya jamii zao. Miaka imepita, na bado kuna viwanja vyetu vingi ambako hakuna miale yoyote ya redio ya kukuongoza, rubani anashuka kwa kukumbuka kilima kiko wapi. Huko kuchungulia kumekuwa ndio utaratibu wenyewe, na jambo hilo linanitia uchungu kuliko yote niliyoyasema.

Nisemeje kuhusu kiti cha kulia, kile cha rubani msaidizi? Katika ajali nyingi za aina hii kulikuwa na mtu wa pili ambaye aliona kimo kikipita. Sisi tumelelewa kutomkatiza mzee anapozungumza, na tumefanya vizuri kulelewa hivyo. Msaidizi wa miaka 24 ameketi kando ya kapteni wa umri wa baba yake, anamwita Mzee hata wakiwa hotelini, naye atamwambiaje ghafla, ndani ya wingu, kwamba amekosea? Wengine huponyoka kwa maneno ya adabu: Mzee, naona kama tumeshuka kidogo. Sentensi hiyo inachukua sekunde mbili, na mzee anayejishughulisha na kutafuta taa haisikii. Ndiyo maana nataka neno moja tu, ghairi, na kwamba likishatamkwa na yeyote kati yao, ndege inapanda kwanza na mazungumzo yanafuata juu. Heshima kwa mkubwa imo katika kumrudisha hai kwa wajukuu wake. Nanyi makapteni, mwambieni msaidizi wenu kabla ya kuruka kwamba mnamtaka aseme. Asiposikia ruhusa hiyo kinywani mwako mkiwa chini, hataipata akiwa juu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na bado nina mambo matatu. Nitayapitia mbio.

Altimita, yaani kipimo cha kimo, hupangwa kwa kanieneo ya hewa inayotangazwa redioni: hektopaskali moja ni takriban futi 30. Ukikosea 10 kwa kusikia vibaya redio, umepotea futi 300, na kimo chako cha mwisho kilikuwa 200. Rudia tarakimu hiyo kwa sauti, kila mara.

Miteremko ya kutua inayoongozwa na setilaiti: ni baraka kubwa kwa nchi kama yetu, lakini ina hatua nyingi na kila hatua ina kimo chake. Mwaka 2005 huko Lockhart River, Australia, ndege ya Metro 23 iliteremka haraka kupita kimo cha hatua iliyokuwamo, ndani ya mawingu, ikagonga mlima, watu 15 wakafa. Msaidizi hakuwa amefunzwa mteremko wa aina hiyo. Wachunguzi waliona pia kwamba chombo huonyesha umbali wa kufikia alama inayofuata badala ya uwanja, na majina ya alama hizo hutofautiana kwa herufi ya mwisho tu. Nilikuwa na mchoro wake, nitauacha mezani.

La tatu lilikuwa kifaa cha kumwonya rubani kwamba anaikaribia ardhi, kazi ya mhandisi Don Bateman. Kifunge kwenye ndege yako kama unaweza kukinunua. Kinaokoa watu.

Ninachowaomba muanze kesho ni hiki. Kabla ya kuwasha injini, andika kwenye karatasi iliyo juu ya goti lako jina la uwanja wa pili na kiasi cha mafuta ambacho kikifika utaondoka kwenda huko, bila kungoja maoni ya mtu. Jaribio la pili lifanywe tu kama mnara umekupa kipimo kipya kilicho bora kuliko cha mwanzo. Na la tatu usilifanye. Wenye kampuni mliomo humu ndani, na nawaona, abiria watakapowapigia simu kutoka Eldoret wakiwa na hasira, jibuni ninyi. Msimpe rubani simu hiyo.

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye chumba cha mashine ya mazoezi, hapa ghorofa ya chini. Nitaweka mawingu kwenye futi 100 na hakuna atakayeona taa. Kapteni atapewa maagizo ya kuendelea kushuka, na wasaidizi ndio watakaoanza, mmoja mmoja, kulitamka lile neno.